Maji Yaliyo Chini ya Jiwe: Shajara ya Klabu ya Mazingira, Kusini Unguja

Januari, skuli zimefunguliwa

Kaskazi imeshika. Visima vya kijiji vimeshuka, na foleni ya madumu kwenye mfereji wa bomba wa njia panda huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Tumechagua makusudi kuanza mradi wa maji wakati huu, na watoto wa darasa la nne na la tano. Somo la maji likitolewa katikati ya masika, mabati yananguruma na mtoto anatazama dimbwi nje ya dirisha, halimgusi. Sasa hivi halihitaji utangulizi.

Skuli yetu iko pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye uwanda wa mawe. Mto hatuna. Udongo ni ule uliojikusanya kwenye mashimo ya mawe, na mvua ikinyesha maji hayaendi mbali: yanazama kwenye nyufa za jiwe la matumbawe na kupotea machoni. Kila tone tunalokunywa huku limeshuka na mvua, likapenya kwenye jiwe, likatuama chini.

Nimeandika lengo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la klabu. Mtoto afike mwisho wa mwaka akijua maji anayokunywa yanatoka wapi, yanaingiaje huko, yanaharibikaje na nani anayatumia. Kwamba maji ni uhai anajua tangu chekechea, ameliimba hilo na ameliona ukutani. Asichoelezwa ni kwa nini kisima cha bibi yake, kilichokuwa kitamu, siku hizi kinakoza chumvi. Naamini mtoto akishalielewa hilo, mambo mengi ya kuhifadhi maji atayafikia mwenyewe.

Kipindi cha kwanza sikufundisha. Niliwapa karatasi na kalamu za rangi, kila mmoja achore maji ya kijijini yanatoka wapi. Wengi walichora mfereji. Baadhi walichora gari la maji, tangi la bluu juu ya nguzo, wingu. Waliobaki walichora mto unaoteremka mlimani, wenye samaki na mtumbwi, kama ule wa kwenye kitabu cha Sayansi, ingawa hapa hakuna aliyewahi kuuona mto wa namna hiyo. Mtoto mmoja tu alichora chini ya ardhi: mistari ya mawe, kisha bluu, kisha kamba inayoshuka. Baba yake anachimba visima. Michoro yote tumeihifadhi kwenye bahasha. Mwisho wa mwaka watachora tena.

Januari, mwisho wa mwezi: daftari la ndoo

Kila mtoto amepewa ukurasa wenye safu tatu: ndoo ngapi zimeingia nyumbani leo, nani ameziteka, zimetumika kwa nini. Safu ya pili niliiongeza baada ya kushauriana na mwalimu mwenzangu wa darasa la nne, na ndiyo iliyoleta mazungumzo makubwa kuliko zote. Ukurasa baada ya ukurasa majina ni yaleyale: mama, dada, mimi (na aliyeandika "mimi" ni mtoto wa kike). Wavulana waliandika "dada" bila kufikiri, kisha walipoanza kusomeana kwa sauti darasani pakatulia kidogo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ili mahitaji yake ya msingi yatimie. Tuliibadilisha hesabu hiyo kuwa ndoo za lita 20: mbili na nusu hadi tano kwa kila mtu, kila siku. Watoto wakaanza kugawanya ndoo za nyumbani kwao kwa idadi ya watu. Nyumba nyingi hazikufika hata kiwango cha chini. Mtoto wa darasa la tano, mwenye ndugu wengi, aliangalia jibu lake, akalihesabu upya, akaniuliza kama amekosea kugawanya. Hakuwa amekosea.

Kwa hili nina msimamo. Kuna namna ya kufundisha kuhifadhi maji inayomsomea mtoto orodha ya makatazo: usiache mfereji wazi, usioge muda mrefu, usioshe gari kwa mpira. Mtoto wa hapa anaoga kwa kata na kopo. Maji yake ameyabeba kichwani, na anajua uzito wa lita 20 kwa shingo yake. Hana cha kufundishwa kuhusu kubana maji ya kuogea. Tukimpa makatazo ya watu wenye mabomba yasiyokatika, tutamfundisha kujilaumu kwa upungufu ambao si yeye aliyeuleta. Kwa hiyo klabu hii inaanza na kuelewa, na hatua zitachaguliwa na watoto wenyewe kutokana na walichokiona.

Kitu kimoja kilibadilika papo hapo. Wavulana wa klabu wamepangiana zamu ya kuteka maji ya skuli, zamu ambayo siku zote ilikuwa ya wasichana. Mwalimu mkuu ameiidhinisha na orodha imebandikwa mlangoni.

Februari: chupa ya mchanga

Hii ndiyo kazi niliyoisubiri kwa hamu. Tulihitaji kuwaonyesha watoto kitu kisichoonekana: jinsi maji matamu yanavyokaa chini ya kisiwa.

Vifaa ni vya hapa hapa. Chupa kubwa ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyokatwa shingo. Mchanga wa pwani uliooshwa. Maji ya bahari. Rangi nyekundu ya kupakia ukili, aliyoileta mtoto ambaye mama yake anasuka mikeka. Maji ya mvua kidogo yaliyobaki kwenye tangi la mwalimu mkuu. Sirinji kubwa isiyo na sindano, na mrija mwembamba wa plastiki.

Tulitia rangi kwenye maji ya bahari mpaka yakawa mekundu kabisa, tukayamimina kwenye mchanga hadi nusu ya chupa. Kisha msichana wa darasa la nne, mwenye mkono mtulivu kuliko wote, akawa anadondosha maji ya mvua juu ya mchanga kwa kijiko. Darasa zima lilikuwa limeinama juu ya meza moja. Polepole pakatokea tabaka mbili: juu mchanga uliolowa maji meupe, chini mwekundu, na katikati mpaka uliofifia kidogo lakini unaoonekana wazi. Hayakuchanganyika. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji ya mvua kwa sababu ya chumvi iliyomo, basi yale mepesi yanaelea juu yake.

Hivyo ndivyo kisiwa kilivyo. Maji yetu matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, ndani ya jiwe, manene zaidi katikati ya kisiwa na membamba kuelekea ufukweni. Niliwaeleza kanuni ambayo wataalamu wa maji ya ardhini wanaitumia kukadiria: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Tukachora ubaoni kwa rula, sentimita moja juu ya mstari, sentimita 40 chini yake. Wakaniambia basi tuna maji mengi sana! Nikawaomba sasa wafute nusu sentimita ya juu. Ikabidi wafute sentimita 20 za chini. Wakawa kimya wakiutazama ubao.

Kisha sirinji. Tulizamisha mrija hadi kwenye sehemu ya maji meupe, na mtoto wa kwanza akavuta taratibu, akipumzika kila baada ya muda. Yakaja meupe. Wa pili nikamwambia avute kwa nguvu bila kupumzika. Palepale chini ya mrija tabaka jekundu likaanza kuinuka, likachongoka, likapanda mpaka kwenye ncha ya mrija, na sirinji ikageuka ya waridi. Darasa lililipuka. Wakataka kurudia, na tulirudia mpaka maji ya mvua yakaisha.

Swali lililofuata lilitoka nyuma kabisa, kwa mtoto ambaye huwa hasemi: "Maalim, sasa hiyo chumvi ikishaingia, inatokaje?"

Ndilo swali lenyewe. Inatoka kwa mvua, na kwa kuacha kuvuta, na kwa kusubiri. Kisima kilichoingia chumvi kinaweza kuchukua muda mrefu kurudi, na vingine havirudi. Tulikiacha chombo juu ya meza hadi siku ya pili, tukaona mpaka haujarudi pale ulipokuwa.

Februari, kabla ya mfungo: maji ya udhu

Tulimwomba ustadhi wa madrasa ashiriki kipindi kimoja, kwa sababu watoto hawa hawa wanatoka skuli adhuhuri na alasiri wako chuoni, na udhu ni mahali pamoja ambapo hata nyumba yenye maji machache huyatumia kila siku mara kadhaa.

Ustadhi aliwakumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa saa moja (saa ya kipimo, si ya muda) hadi mudi tano. Watoto walizitambua kwa haraka kwa vipimo vya zakatul fitri: mudi ni kibaba, na saa ni pishi, yaani vibaba vinne. Tukaleta kibaba cha duka la jirani, tukakijaza maji, tukayamimina kwenye chupa ya kupimia. Ni chini ya lita moja.

Halafu tukapima kwa vitendo. Mvulana mmoja alitawadha kwenye mfereji wa msikiti kama afanyavyo siku zote, chini yake tumeweka ndoo ya lita 10. Alipomaliza kuosha miguu ndoo ilikuwa imevuka nusu. Akatawadha tena kwa kata, ustadhi akimsimamia kila kiungo, viungo vyote vikaenea na kata ya pili haikwisha. Ustadhi alifurahi kuliko watoto. Akasema mfereji wa msikitini ndio unaohitaji kurekebishwa kwanza, kwa sababu koki yake haifungi vizuri. Watoto waliweka dumu la lita 5 chini ya koki hiyo baada ya isha, na muadhini alipofika alfajiri akalikuta linafurika. Koki mpya imewekwa wiki hiyo hiyo kwa mchango wa wasali.

Nimejifunza jambo hapa ambalo nitalitumia kwa kazi nyingine za klabu: mtoto anapoleta kipimo mkononi, mtu mzima hana haja ya kubembelezwa.

Machi

Ramadhani. Vipindi vya klabu vimesimama. Siku ya Maji Duniani, tarehe 22, hatukuifanyia sherehe; watoto watatu tu walikuja kusoma kipimo cha mvua na kuweka alama. Bado sifuri.

Aprili, baada ya Idi: mvua imekuja

Masika imeingia kwa kishindo. Kipimo cha mvua ni chupa iliyokatwa na kubandikwa rula, imefungwa kwenye nguzo mbali na miti, na watoto wanakisoma kila asubuhi kabla ya gwaride.

Hesabu ya mwezi huu ni moja, na tumeifanya mpaka imeiva: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Watoto hawakuamini mpaka tulipoimwaga lita moja kwenye sinia la mraba tulilolitengeneza kwa mbao na karatasi la nailoni, mita moja kwa mita moja, tukaona inafunika kidogo tu. Baada ya hapo tukapima paa la jengo la madarasa matatu. Urefu mita 24, upana mita 8. Mita za mraba 192. Mvua ya milimita 10, ambayo masika huileta kwa muda mfupi sana, ni lita 1,920 juu ya bati hilo. Tukatoa sehemu mbili katika kumi kwa ajili ya yale yanayoruka, yanayovuja na yanayotupwa mwanzoni. Zinabaki lita 1,500 na ushei. Ndoo zaidi ya 75!

Waliotaka kujua ya mwaka mzima walipewa wastani unaotajwa kwa Unguja, kiasi cha milimita 1,600, nikiwaeleza kwamba upande wetu wa mashariki hupata pungufu ya upande wa magharibi. Hata wakipunguza, jibu linakuja na tarakimu sita. Na yote hayo, miaka yote, yamekuwa yakimwagika kwenye ukingo wa paa na kuchimba handaki mbele ya darasa la tatu.

Wakati huo huo kundi la pili liko kwenye kisima cha zamani cha kijiji, na hii ni kazi ninayoipenda kwa sababu inawaunganisha watoto na elimu ya wazazi wao. Wamefunga mafundo kwenye kamba, kila nusu mita fundo moja, na mwishoni jiwe. Wanapima maji ya kisima bahari ikijaa na ikipwa, wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Siku za bamvua, bahari ikiwa imejaa, maji ya kisima yanapanda. Bahari ikipwa, yanashuka, kwa kuchelewa kidogo. Kisima kiko mbali na ufukwe kiasi kwamba huoni bahari ukiwa hapo, lakini kinapumua nayo pamoja. Watoto wa wakulima wa mwani wanazijua kalenda za bamvua kuliko mimi, maana mama zao hushuka pwani kwa hizo. Wao ndio waliopanga ratiba ya vipimo.

Hatuonji maji ya visima. Tunapima chumvi na ugumu wa maji kwa njia ya nyumbani: kipande kilekile cha sabuni, kiasi kilekile cha maji, tikisa, tazama povu. Maji ya mvua yanatoa povu tele. Ya kisima cha zamani povu lake dogo na zito, kwa sababu ya chokaa ya jiwe. Ya kisima kilicho karibu na ufukwe karibu hayatoi kitu.

Aprili, mwisho: bibi amekuja klabu

Bibi wa mmoja wa wanafunzi, mwenye umri mkubwa na kumbukumbu safi, alikuja kuzungumza na watoto. Walimwamkia, akaitikia, akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka nao wakamzunguka. Alizungumza juu ya pango la maji lililoko uwandani, ambalo watu walishuka kwa ngazi za mawe. Huingii na viatu. Huogi ndani. Hutii chombo chenye masizi wala mafuta. Kata ya kutekea ilikuwa moja na ilikaa pale pale, ili kila mtu asiingize chake. Mtoto akamuuliza nani alikuwa akilinda masharti hayo. Akajibu: "Sote. Ukiyavunja, nani atakupa maji kwake?"

Akaeleza matumizi ya nyumbani: maji ya kuoshea mchele hupewa mpapai au kuku, ya kuoshea vyombo humwagiwa mgomba, mtungi wa kunywa hukaa pake na kifuniko chake na hauchanganywi na kitu. Niliwaangalia watoto wakiandika. Yapo maneno ambayo mwalimu akiyasema yanabaki ya skuli, na bibi akiyasema yanakwenda nyumbani.

Mei: birika na kibuyu chirizi

Nyuma ya skuli kuna birika la saruji la miaka mingi, lililokuwa limejaa majani na mawe. Mzazi mmoja ni fundi mwashi. Amelikagua, akasema kuta ni nzima, nyufa ni mbili. Wazazi wamechanga saruji, fundi ametoa kazi yake bure, na mlizamu wa kukinga maji ya paa umepatikana kwa mabomba yaliyobaki kwenye ujenzi wa nyumba ya mwalimu. Birika lina mita 3 kwa 2, kina mita moja na nusu: lita 9,000.

Hapo watoto wakagundua jambo lenye thamani kuliko hesabu yote ya paa. Birika litajaa kwa mvua chache, na mvua zote zitakazofuata zitapita juu. Kinachoamua maji ya kiangazi ni ukubwa wa chombo na jinsi unavyoyatumia, wala si wingi wa mvua. Mjadala ulikuwa mkali juu ya nini yatumike: wengine walitaka ya kunywa, wengine bustani, wengine usafi wa choo. Wamepiga kura kwa mikono. Yatatumika kunawa mikono na kusafisha vyoo, ili maji ya mfereji yabaki kwa kunywa. Mvua ya kwanza baada ya ukame inatupwa kwa dakika chache kupitia bomba la pembeni, kwa sababu inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa birika umefunikwa kwa wavu mwembamba wa kuzuia mbu.

Kunawa mikono kunafanyika kwa kibuyu chirizi: dumu la lita 5 limening'inizwa kwenye mti wa kukingama, tundu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia kwa mguu. Maji yanatoka kama uzi. Tumetengeneza cha kila mlango wa choo, watoto wenyewe wamechoma matundu kwa msumari wa moto huku mwalimu amesimama. Dumu moja linahudumia foleni ndefu ya mapumziko, ambapo zamani ndoo na kopo zilikwisha kabla ya nusu yao kunawa, na kopo lilikuwa limeguswa na kila mkono.

Nimelichukua pia somo la vyoo, ingawa si tamu. Kinachofanya jiwe letu lipokee mvua kwa haraka ndicho kinachofanya lipokee uchafu kwa haraka. Kwenye udongo mzito maji machafu huchujwa yanaposhuka. Kwenye nyufa za matumbawe yanaporomoka moja kwa moja. Tulirudi kwenye chupa. Safari hii tulijaza moja mchanga na nyingine vipande vya mawe, tukamwagia maji yenye vumbi la mkaa. Chupa ya mchanga ilitoa maji yaliyopungua weusi. Ya mawe iliyatoa yalivyoingia. Watoto wakaanza kutaja wenyewe visima vilivyo karibu na mashimo ya vyoo, mpaka ikabidi niwazuie kutaja nyumba za watu. Kwa sasa tumekubaliana kila mtoto apeleke ujumbe mmoja nyumbani kwake: maji ya kisima yachemshwe mpaka yatokote kabla ya kunywa.

Juni: Jozani

Safari fupi kwa daladala ya kukodi. Msitu wa Jozani, sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004, watu huuendea kwa ajili ya kima punju, kima wekundu wa Unguja. Sisi tumeuendea kwa ajili ya maji. Ni msitu unaosimama juu ya maji ya ardhini yaliyo karibu kabisa na uso, na masika ikiwa nzuri sakafu yake hufunikwa na maji. Masika imekwisha hivi karibuni, kwa hiyo tulikuta madimbwi baina ya mizizi na udongo mweusi unaonata.

Mtoto wa kikundi cha kamba aliinama, akachimba kwa kijiti kina cha kiganja, shimo likajaa maji mbele ya macho yake. Nyumbani anashusha kamba ya mafundo hadi anachoka. Alitaka kujua kwa nini huku yako juu na kwetu yako mbali, na mhifadhi aliyetuongoza akamweleza kwamba hapa ni bondeni, udongo ni mnene na miti imeufunika. Alituonyesha majani yaliyooza, akayakamua mkononi, maji yakadondoka. Njiani kurudi watoto walihesabu sehemu za uwanda zilizokatwa kwa ajili ya kuni na matanuu ya chokaa. Hakuna aliyewaambia wahesabu.

Tumepanga safari ya pili Bububu, kwenye chemchem ambayo Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliitumia kupeleka maji ya bomba mjini. Nauli haijapatikana.

Julai: swali la hoteli

Nililitarajia swali hili tangu Januari, na limekuja kupitia daftari la ndoo. Mtoto ambaye baba yake anafanya kazi bustanini kwenye hoteli moja ya jirani aliandika kwenye safu ya matumizi: "Baba anasema kule wanamwagilia nyasi mchana." Akauliza nyasi zinatumia ndoo ngapi.

Walimu wenzangu walitofautiana kama tuliguse. Niliona ni lazima. Huwezi kumwonyesha mtoto sirinji inavyovuta chumvi, halafu ukamzuia kuuliza nani ana sirinji kubwa. Nikawapa takwimu ya utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu utalii wa pwani yetu hii ya mashariki, uliokadiria kwamba mgeni mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku, sehemu kubwa ikiwa ni ya kumwagilia bustani. Wakagawanya kwa 20. Ndoo 34 na kidogo, kwa mtu mmoja. Kisha wakarudi kwenye hesabu zao za Januari.

Nilikuwa mwangalifu jambo hili lisigeuke chuki. Nusu ya wazazi wa klabu hii wanakula kutokana na hoteli, na wageni wenyewe hawaambiwi maji yanatoka wapi. Tulimwalika mzazi yule wa bustanini. Alieleza kwa uwazi: nyasi hunywa kuliko vyumba, na saa sita mchana nusu ya maji inakwenda na jua. Akasema yeye alishapendekeza kumwagilia usiku na kutumia maji ya kufulia shuka yaliyochujwa, na la kwanza limekubaliwa. Watoto walimpigia makofi. Mwanawe alikuwa ameinua kidevu kipindi chote.

Sheha, kiongozi wa shehia yetu, amewakaribisha klabu kwenye mkutano wa shehia. Watoto wanne walisimama na chupa ya mchanga, wakafanya jaribio lile mbele ya watu wazima, bila hotuba, wakaeleza kila hatua. Walileta maombi mawili: kila mwenye kisima cha mashine katika shehia ajulikane na kiasi anachovuta kiandikwe, na kisima kipya kisichimbwe jirani na kile cha zamani kabla ya wataalamu wa maji kuja kupima. Wazee wakauliza maswali ya kweli kweli. Mmoja alitaka sirinji aivute mwenyewe, akavuta kwa nguvu, akaona. Ombi la kwanza limekubaliwa na kamati ya shehia imepewa kazi ya kuorodhesha. La pili litapelekwa wilayani kwa maandishi.

Agosti: yaliyopo mezani

Birika limebaki na maji chini ya nusu, kwa alama ya leo. Kikundi cha wasimamizi kimepanga kiasi cha kila wiki ili yafike hadi mvua za vuli, na ufunguo wa koki unashikwa kwa zamu, mvulana na msichana pamoja. Mlizamu umelegea sehemu moja, fundi atakuja Ijumaa baada ya sala.

Orodha ya visima vya mashine imeanza kujazwa. Wamiliki wawili wamekubali watoto wasome mita zao kila mwezi. Skuli ya kijiji cha jirani imeomba chupa ya mchanga, na tumeamua kuwapelekea watoto badala ya chupa: wanne wa darasa la tano watakwenda kuwafundisha wenzao kuitengeneza, na wataondoka na kamba ya mafundo pia. Barua ya ruhusa ya wazazi imetoka leo.

Vipimo vya kisima cha zamani vinaendelea kila bamvua. Povu la sabuni limeongezeka kidogo tangu masika, na watoto wanataka kujua kama litashuka tena kaskazi ikirudi. Wameshaandika safu za Disemba na Januari kwenye daftari, ziko tupu, na majina ya wasomaji yamewekwa.